Kabla Hujaandika "Kundi"
Hotuba kwa wafasiri, wahariri na walimu wa lugha

Ndugu wafasiri, ndugu wahariri, walimu wetu, na nyinyi wanafunzi mliojibana huko nyuma: shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Leo tuna neno moja tu la Kiingereza, lenye herufi tano: group. Ni neno jepesi, na wepesi wake ndio unaotuponza. Ukiliona kwenye matini, vidole vinaandika "kundi" kabla akili haijafika. Mara nyingi vidole vinapatia. Nimekuja kuzungumzia zile mara ambazo vinakosea, na kwa nini vinakosea.

Tuanze na mpira. Kombe la Dunia la mwaka 2022 lilikuwa na timu 32 katika makundi manane, timu nne kila kundi. Timu nne maana yake mechi sita, kwa sababu kila timu inakutana na tatu zilizobaki. Sasa jiulizeni: hao wanne wana nini cha pamoja? Hawana mwenyekiti, hawana kikao, hawana lengo moja. Kila mmoja anaomba wenzake wafungwe. Wamewekwa pamoja na kura iliyotoka kwenye chungu, basi. Halafu chukueni watu ishirini wanaoweka na kukopeshana fedha: wana katiba, daftari, mweka hazina, na faini kwa anayechelewa. Kiingereza kinawaita wote hawa group, wale wanaotakiana mabaya na hawa wanaodhaminiana mikopo.

Kiswahili kimeshawatenga, bila kelele. Wale ni kundi, hawa ni kikundi. Mtaambiwa kwamba ki- hapo ni ya udogo. Ni kweli, lakini haitoshi. Kikundi cha watu mia mbili wenye katiba kinabaki kikundi, na nyani watano juu ya mti wanabaki kundi. Katika matumizi ya kila siku, ki- imebeba pia habari ya kwamba watu wameamua wenyewe kukaa pamoja na wamejiwekea utaratibu. Si kanuni ya chuma, maana kundi la waasi lina makamanda na nidhamu na bado tunaliita kundi. Ila ukisikia mashaka kati ya haya mawili, uliza kama wanachama walijiunga au walijumuishwa tu. Ukienda mbele zaidi ukaandika "kijikundi", umeshatoa hukumu. Mwandishi wa habari anayeripoti kwamba chama kimemeguka, akawaita waliotoka "kijikundi", ameshachagua upande hata kama hakukusudia. Aseme "kundi lililojitenga", inatosha.

Kwa kazi zetu napendekeza jaribio moja ambalo linafaa karibu kila mahali: ondoa mmoja. Mtoe mwanachama mmoja, kisha tazama kilichobaki. Je, hakikujali? Kimepungua? Kimevunjika kabisa? Jibu ndilo litakalokuambia ni group ya aina gani, na pengine neno la Kiswahili litakuja lenyewe.

Asili ya neno inasaidia kidogo. Waingereza walilichukua kwa Wafaransa mwishoni mwa karne ya 17, nao Wafaransa walilitoa kwa Waitaliano, gruppo. Lilikuwa neno la wachoraji na wachongaji: watu kadhaa kwenye picha waliopangwa hivi kwamba jicho linawaona kama umbo moja. Kiitaliano kina na ndugu yake, groppo, yaani fundo. Kwa hiyo mwanzoni lilihusu jicho: vitu vingi, mtazamo mmoja. Kila fani iliyolichukua baadaye ililipa masharti yake, na masharti hayo ndiyo yanayotupiga chenga.

Fani iliyolibana kuliko zote ni hisabati. Évariste Galois, Mfaransa aliyefariki mwaka 1832 akiwa na umri wa miaka 20, alilitumia katika kazi zake za milinganyo, na kazi hizo zilichapishwa mwaka 1846. Mwaka 1854 Arthur Cayley akajaribu kulipa maana isiyotegemea mfano wowote. Leo mwanahisabati akisema group hamaanishi mkusanyiko wa vitu. Mkusanyiko una jina lake, seti. Group ni seti pamoja na kitendo kimoja cha kuunganisha vitu viwili, na lazima mambo manne yatimie. Ukiunganisha viwili vya ndani, jibu libaki ndani. Ukiunganisha vitatu, isidhuru uanzie wawili wa kwanza au wawili wa mwisho. Kiwepo kimoja kisichobadilisha chochote. Na kila kimoja kiwe na mwenzake wa kukifuta.

Saa ya ukutani inatosha kulionyesha hilo. Namba ni 1 hadi 12, kitendo ni kujumlisha kwa kuzunguka. Saa 9 ukiongeza saa 5, unapata saa 2, na 2 imo ndani. Ukiongeza 12 unarudi palepale, basi 12 ndiyo isiyobadilisha kitu. Ukiongeza 5 kisha 7 umerudi ulipokuwa, kwa hiyo 7 inaifuta 5. Masharti yametimia. Namba witiri zote zenyewe, kwa kujumlisha, haziwezi: 3 na 5 zinatoa 8, na 8 si witiri. Hapo hakuna group, japo kuna mkusanyiko mzuri kabisa.

Sasa ondoeni mmoja. Chukueni pembetatu yenye pande zote sawa. Mnaweza kuizungusha nyuzi 120, nyuzi 240, au kuiacha ilivyo, na kila mara inakaa palepale ilipokuwa. Hivyo vitatu ni group. Futeni mzunguko wa nyuzi 120 mbaki na viwili. Zungusheni nyuzi 240 mara mbili: jumla ni 480, toeni 360, zimebaki 120, ileile mliyoifuta. Jibu limetoka nje ya nyumba. Kimoja kimeondoka na kitu chote kimeanguka.

Wanahisabati wetu huandika "kundi" na sina ugomvi nao. Istilahi ni makubaliano. Ugomvi wangu ni kwa mfasiri anayekutana na set na group katika aya moja, akaandika "kundi" mara zote mbili. Aya hiyo imekufa. Aandike "seti" kwa ile ya kwanza, na ahakikishe "kundi" halijatumika popote kwa maana ya kawaida ndani ya kurasa hizo. Mwanafunzi akikuta "gawa namba hizi katika makundi mawili" kwenye sura ya makundi ya kihisabati, ana haki ya kuchanganyikiwa.

Kemia ina mbili, nazo zinagombana. Katika jedwali la elementi, group ni safu wima. Zipo 18, na safu mlalo ni saba. Litiamu, sodiamu na potasiamu zimo kwenye safu ya kwanza kwa sababu kila moja ina elektroni moja kwenye tabaka la nje. Hapo "kundi" linafaa bila shida. Mtego uko kwenye vitabu vya zamani vilivyotumia namba za Kirumi na herufi A na B, kwa sababu Wamarekani na Wazungu wa Ulaya walizipanga kinyume. IIIB ya kitabu cha Marekani ni safu ya skandiamu. IIIB ya kitabu cha Ulaya ni safu ya boroni. Shirika la kimataifa la kemia lilileta namba 1 hadi 18 katika miaka ya 1980 ili kuumaliza mkanganyiko huo. Ukifasiri kitabu cha kabla ya hapo, usinakili namba tu. Angalia elementi iliyotajwa, kisha andika 3 au 13.

Group ya pili ya kemia si mkusanyiko wa vitu vinavyofanana hata kidogo. Ni kipande cha molekuli. Oksijeni moja na hidrojeni moja zilizoshikana kwenye mkia wa ethanoli ndizo zinazoifanya iwe alkoholi, ichanganyike na maji na ichemke kwa nyuzi 78. Ukiandika "kundi" hapo, msomaji anatafuta alkoholi nyingi zilizopangwa pamoja, wakati mwandishi anazungumzia atomu mbili. Mimi huona ni salama kueleza mara ya kwanza, "kipande cha molekuli kinachoamua tabia yake", kisha ukachagua istilahi fupi na kuishikilia hadi mwisho.

Damu ni rahisi zaidi, kwa sababu "kundi la damu" limeshakaa. Karl Landsteiner alieleza makundi ya kwanza mwaka 1901. Leo tunataja A, B, AB na O, na kila moja likiwa chanya au hasi tunapata manane. Mwenye kundi A ana alama ya A kwenye chembe zake nyekundu, na katika majimaji ya damu yake mna kingamwili za kushambulia B. Watu wa kundi moja hawajuani, na akifariki mmoja kundi halipungui maana yoyote. Jaribio letu linajibu: hakikujali. Ila chungeni neno blood group system. Hilo si kundi, ni mfumo mzima: ABO ni mfumo mmoja, Rh, ule wa chanya na hasi, ni mwingine, na inayotambuliwa sasa imepita 40. Nikikuta sentensi inayosema kuna "makundi zaidi ya 40 ya damu", najua mfasiri ameiruka system.

Kwenye utafiti wa tiba kuna control group, na hapa nasema waziwazi: "kundi la udhibiti" ni tafsiri mbaya. Msomaji wa kawaida anadhani ni watu wanaosimamia utafiti. Kumbe ni wale wasiopewa dawa mpya. Chukueni wagonjwa 200. Kura inawapeleka 100 kwenye dawa mpya na 100 kwenye kidonge kisicho na dawa, au kwenye tiba ya kawaida. Kura inatumika kwa sababu wakiachwa wachague, wenye nguvu zaidi au wenye hofu zaidi watakimbilia upande mmoja, na tofauti itakayoonekana haitakuwa ya dawa. "Kundi la kulinganishia" linaeleza kazi yake palepale. Tena si "kikundi", hawakujiunga, walipangwa. Na hapa kuondoa mmoja kuna madhara ya pekee. Walioona dawa inawatesa wakiacha na kufutwa kwenye hesabu, dawa itaonekana nzuri kuliko ilivyo. Ndiyo maana katika uchambuzi wa kawaida mgonjwa huhesabiwa kwenye kundi alilopangiwa siku ya kwanza, hata kama kidonge alikitupa siku ya pili. Maneno "kundi alilopangiwa" na "kundi alilomo" si sawa, na Kiingereza cha ripoti mara nyingi huyaficha yote mawili ndani ya neno hilohilo moja.

Jeshini ndiko makosa yanachekesha, mpaka yaingie kitabuni. Army group ni ngazi ya juu sana: majeshi mawili au zaidi chini ya kamanda mmoja, askari laki kadhaa, wakati mwingine zaidi ya milioni. Jenerali Montgomery wa Uingereza, baada ya kutua Normandy, Ufaransa, mwaka 1944, aliongoza ile ya 21, ambayo ndani yake mlikuwa na Jeshi la Pili la Uingereza na Jeshi la Kwanza la Kanada. Mkiandika "kikundi cha wanajeshi" mmemvua Montgomery majeshi mawili na kumwachia watu wa kujaza lori. Andikeni "kundi la majeshi", wingi kwenye majeshi, na herufi kubwa kama ni jina.

Anga ni tatizo jingine. Katika jeshi la anga la Uingereza, skwadroni kadhaa huunda wing, na group iko juu ya wing. Marekani ni kinyume: skwadroni kadhaa huunda group, na wing iko juu yake. Neno lilelile, lugha ileile, ngazi zimepinduka. Hakuna tafsiri moja itakayowafaa wote wawili, kwa hiyo kwanza jua ndege ni za nani. Halafu kuna cheo cha group captain. Si kapteni. Ni sawa na kanali wa nchi kavu, na kati yake na kapteni wa nchi kavu kuna meja na luteni kanali. Andika "kanali wa anga" au acha cheo kwa jina lake na ueleze mara moja. "Kapteni wa kundi" ni cheo ambacho hakipo popote.

Wanajiolojia nitawapita haraka: kwao group ni miamba ya fomesheni (yaani matabaka ya miamba yanayotambulika) mbili au zaidi zilizofuatana, na juu yake kuna ngazi nyingine kubwa zaidi. Muhimu ni mpangilio wa ngazi usivurugwe. Kwenye kompyuta nako, ukiona faili limeandikiwa ruhusa za 640, sita ni ya mwenyewe kusoma na kuandika, nne ni ya group kusoma tu, sifuri ni ya wengine wote. "Kundi" linatosha. Na kwenye simu watu wameshaamua: ni grupu, wingi magrupu, na anayelisimamia ni admini. Sioni sababu ya kuwarekebisha.

Biashara inataka utulivu zaidi, kwa sababu kosa lake linaweza kufika mahakamani. Kampuni mama ina asilimia 80 ya kampuni A na asilimia 60 ya kampuni B. Hizo mbili ni kampuni tanzu, na zote tatu kwa pamoja ndizo group. Hesabu zao huunganishwa kana kwamba ni kampuni moja. Kwa hiyo A ikimuuzia B bidhaa za milioni 10, mauzo hayo hufutwa kwenye hesabu za pamoja, kwa sababu huwezi kujiuzia mwenyewe ukaandika faida. Asilimia 40 ya B iliyo mikononi mwa watu wengine huonyeshwa kando. Mfasiri asiyejua hili hukuta takwimu za "kundi" ni ndogo kuliko jumla ya kampuni, akadhani ni kosa la uchapaji, akalisahihisha. Usisahihishe.

Lakini upande wa sheria, kwa kawaida group si mtu. Mama ni mtu wa kisheria, A ni mtu, B ni mtu. Muungano wao hauwezi kusaini wala kushtakiwa. Mkataba ukisema "Kundi litamlipa mteja", mteja akidai atamshika nani? Waandishi wazuri wa mikataba huliandika neno hilo kwa herufi kubwa na kulipa maana kwenye kifungu cha tafsiri ya maneno. Kazi yako ni kuihamisha maana hiyo nzima, na kuandika Kundi kwa herufi kubwa kila mahali walipofanya hivyo. Na kama Group ni sehemu ya jina la kampuni lililosajiliwa, usiliguse.

Sheria ya kimataifa ina matumizi mazito kuliko yote. Mkataba wa kuzuia mauaji ya kimbari, wa tarehe 9 Desemba 1948, unazungumzia nia ya kuangamiza, lote au sehemu yake, kundi la kitaifa, la kikabila, la kirangi au la kidini. Ni aina nne tu. Makundi ya kisiasa hayakutajwa, na mfasiri hana ruhusa ya kuyaongeza kwa huruma. Wapo wanaolainisha na kuandika "watu wa kabila au dini fulani". Sentensi inateleza vizuri, lakini kiini kimetoka. Kosa hilo linatofautishwa na mauaji mengine kwa kuwa shabaha ni kundi lenyewe kwa kuwa ni kundi hilo, na kila anayeuawa anauawa kwa sababu yumo. Hapo neno "kundi" haliondoki.

Sasa upande wa pili: mahali ambapo "kundi" halitakiwi kabisa. Ethnic group ni kabila. Group photo ni picha ya pamoja. Age group ni umri, na hapa nataka msimame kidogo, maana wengi wanakimbilia "rika". Rika ni watu waliozaliwa au kupitia jando wakati mmoja. Wanazeeka pamoja, na mtu habadilishi rika mpaka anakufa. Jedwali la takwimu linalosema miaka 15 hadi 24 ni kinyume chake: lenyewe limekaa palepale, watu ndio wanaopita. Leo umo, ukifikisha 25 umetoka. Andika "wenye umri wa miaka 15 hadi 24" na umemaliza.

Na ile inayoonekana kila siku kwenye habari, a group of scientists. Tisa kati ya kumi hapo si kundi wala kikundi. Ni "wanasayansi kadhaa". Kiingereza kinatumia group kama sisi tunavyotumia "kadhaa". Dalili iko kwenye kitenzi: Mwingereza akiandika have badala ya has, anawafikiria watu, si chombo. Kwetu upatanisho unauma zaidi. "Kundi la wakulima limefika" ni sahihi, lakini sentensi tatu mbele unajikuta unaandika "lilisema lina njaa" kuhusu watu wazima wenye majina. "Wakulima kadhaa wamefika" inakuokoa mapema.

Namba za nchi nazo zina mtego. Kundi la 77, la nchi zinazoendelea, lilizaliwa Geneva tarehe 15 Juni 1964 likiwa na nchi 77. Sasa wanachama wamepita 130 na jina halikubadilika. Kwa hiyo "kundi la nchi 77" ni kosa la ukweli, si la lugha. G20 si nchi 20: ni nchi 19, Umoja wa Ulaya, na tangu 2023 Umoja wa Afrika. G7 ndiyo inayofuata hesabu ya nchi zake. Urusi ilipokuwemo iliitwa G8, ilipowekwa kando mwaka 2014 ikarudi kuwa saba. Wapo wanaolalamikia "kundi la G7" kwamba G tayari ni group. Wana hoja, lakini msikilizaji wa redio hajui G ni nini. Mimi ningeliacha.

Karatasi mlizogawiwa zina sentensi kumi. Fanyeni wawili wawili, na kila sentensi andikeni pembeni jibu la "ondoa mmoja" kabla ya kufasiri. Sentensi ya saba ina group mara tatu, na tafsiri niliyoiandaa haina "kundi" hata mara moja. Anzeni na hiyo.